Windows Inapogoma Katikati: Jinsi ya Kutoka Kwenye Kosa Linalojirudia

Chukua mfano wa katibu wa kikundi cha wakulima wa mahindi huko Ziwa. Ni mwisho wa Oktoba, mavuno yameanza, na laptopu yake ndiyo daftari la kikundi. Humo ndimo mnamojulikana nani ameleta magunia mangapi, nani amelipia mbolea na nani bado ana deni. Kijana wake aliyerudi likizo anaamua kumwekea mama Windows mpya. Saa mbili usiku, kazi ikiwa nusu, stima inapotea. Betri ni kuukuu, kwa hivyo laptopu inazima papo hapo.

Stima inaporudi, skrini inaonyesha ujumbe kwamba kompyuta imejiwasha upya bila kutarajiwa na usakinishaji, yaani kazi ya kuweka Windows, hauwezi kuendelea. Kijana anabonyeza OK. Laptopu inazima, inawaka, na ujumbe ni ule ule. Anabonyeza tena na tena. Kufikia saa nne usiku amebonyeza mara kumi na mama amekwisha kuanza kuhesabu hasara. Mkutano wa wanachama ni Jumamosi, na hesabu yote imo humo ndani.

Masaibu ya aina hii yanaweza kumpata mkazi yeyote wa kaunti anayetumia kompyuta. Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotolewa mwaka wa 2015. Kompyuta hizo bado zinafanya kazi, lakini wenyewe wana sababu ya kuhamia mfumo mwingine. Makala haya yanaeleza kwa nini kosa hujirudia, na hatua za kufuata bila kupoteza faili.

Kwa nini kosa ni lile lile kila mara

Windows haiingii kwenye kompyuta kwa mkupuo mmoja. Kwanza, faili zinanakiliwa kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski ya kompyuta. Kisha kompyuta inajiwasha upya na kuanza kutambua vifaa vyake, kama vile kibodi, skrini, sauti na Wi-Fi. Baadaye inajiwasha tena na kumuuliza mtumiaji jina, lugha na nchi.

Katika kila hatua mfumo unajiandikia kumbukumbu ya ulipofika. Stima ikipotea katikati ya hatua, kumbukumbu inabaki ikisema kuwa kazi imeanza lakini haijakamilika. Kompyuta ikiwaka tena, mfumo unasoma kumbukumbu hiyo, unaona mambo hayajakaa sawa, na unakataa kuendelea. Kubonyeza OK kunairudisha kompyuta mahali pale pale, isome kumbukumbu ile ile.

Hapo ndipo penye funzo kubwa. Kosa linalojirudia lina sababu ambayo haijabadilika. Kurudia kitendo kile kile hakuibadilishi. Anayetaka kutoka kwenye mzunguko lazima abadilishe kitu, na abadilishe kimoja kwa wakati ili ajue ni kipi kilichosaidia.

Kabla ya yote, okoa faili

Makosa yanayowagharimu watu zaidi hufanywa wakati wa hofu. Mtu anachoka na ujumbe, anaanza upya, na anapoulizwa Windows iwekwe sehemu gani ya diski anafuta sehemu zote. Picha za familia, hesabu za duka na barua za kazi zinaondoka nazo.

Ikiwa hukuwa umenakili faili zako kwingine, simama hapo. Kuna mambo matatu ya kujua.

La kwanza, faili huenda bado zipo. Ikiwa Windows mpya iliwekwa juu ya ile ya zamani bila kufuta wala kufomati sehemu hiyo ya diski, faili za awali huhifadhiwa kwenye folda iitwayo Windows.old. Vilevile, faili zilizokuwa kwenye sehemu nyingine ya diski, kwa mfano ile inayoitwa D, haziguswi ikiwa hakuna aliyeifuta.

La pili, unaweza kuzifikia bila Windows. Mfumo wa bure uitwao Ubuntu unaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi na kutumika bila kuwekwa kwenye diski. Tengeneza flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine nzima, iwashe kompyuta yenye shida kwa flashi hiyo, chagua kuujaribu mfumo badala ya kuusakinisha, kisha fungua diski na unakili faili zako kwenye flashi ya pili au diski ya nje.

La tatu, diski yako inaweza kuwa imefungwa kwa BitLocker. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hulinda diski kwa njia hii, wakati mwingine bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mipangilio ya ndani ya kompyuta, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Utafute na uuandike kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

Soma ujumbe, andika namba

Watu wengi huufunga ujumbe wa kosa kabla ya kuusoma. Upige picha kwa simu. Namba inayoanza na 0x ni kama jina la ugonjwa, na inampunguzia fundi kazi ya kubahatisha. Hizi ni baadhi ya namba zinazoonekana mara kwa mara:

• 0x80070070: nafasi kwenye diski haitoshi.
• 0x80070570: faili imeharibika au haisomeki. Shaka iende kwa flashi, kwa diski au kwa RAM.
• 0xC1900101, mara nyingi ikifuatwa na namba nyingine: tatizo kwa kawaida liko kwenye draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa kama printa na kadi ya Wi-Fi.
• 0xC1900200: kompyuta haijatimiza masharti ya mfumo unaotaka kuuweka.

Baada ya hapo, tazama kosa lako limejirudia kwa namna gani kati ya hizi tatu.

Namna ya kwanza: ujumbe ule ule kila kompyuta inapowaka

Hii ndiyo iliyompata kijana wa Ziwa. Ujumbe wenyewe huanza na maneno "The computer restarted unexpectedly". Ikiwa ni huo, jaribu hatua hizi:

1. Chomeka chaja. Ujumbe ukiwa bado kwenye skrini, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Katika laptopu nyingine itabidi ushike na kitufe cha Fn. Dirisha jeusi litafunguka.
2. Andika neno regedit kisha bonyeza Enter.
3. Upande wa kushoto, fungua HKEY_LOCAL_MACHINE, kisha SYSTEM, kisha Setup, kisha Status, na mwisho ChildCompletion.
4. Upande wa kulia, bonyeza mara mbili kwenye setup.exe. Ikiwa thamani yake ni 1, andika 3, kisha bonyeza OK.
5. Funga madirisha hayo, halafu bonyeza OK kwenye ule ujumbe wa kosa. Kompyuta itajiwasha upya.

Kwa kufanya hivyo unaiambia Windows iichukulie hatua iliyokatizwa kuwa imemalizika, ili ipite. Mara nyingi itaendelea hadi mwisho. Usibadilishe kitu kingine chochote mle ndani, maana hiyo ndiyo sehemu Windows inamohifadhi mipangilio yake yote.

Hata hivyo, hili ni daraja la kuvukia tu. Ikiwa kilichoikatiza kazi ni stima, huenda usione shida tena. Lakini ikiwa stima haikupotea na kosa lilikuja lenyewe, chanzo kinaweza kuwa flashi mbovu au RAM yenye kasoro, na tatizo litarudi kwa sura nyingine. Pia Windows iliyovuka kwa njia hii ikianza kuganda au kuzima ovyo, nakili faili zako na uiweke upya kwa flashi iliyotengenezwa vizuri.

Namna ya pili: kazi inaanza upya tangu mwanzo

Hapa hakuna ujumbe wa kosa. Faili zinanakiliwa hadi asilimia 100, kompyuta inajiwasha upya, na mara unaulizwa tena uchague lugha kama vile hujafanya lolote. Ukikubali, mzunguko unaanza tena.

Sababu yake ni ndogo. Kompyuta imepangwa kuanza na flashi kabla ya diski. Kila ikijiwasha inaikuta flashi bado imechomekwa, na inaanza nayo. Dawa ni kuichomoa flashi mara tu kompyuta inapojizima kwa mara ya kwanza baada ya kunakili faili. Usiichomoe wakati faili bado zinanakiliwa.

Ukiona maneno yanayokutaka ubonyeze kitufe chochote ili kuanza na CD au DVD, usibonyeze. Ikiwa bado inarudi mwanzo, ingia kwenye mipangilio ya kuwasha kompyuta na uiweke diski ya ndani iwe ya kwanza. Kwa laptopu nyingi za Dell kitufe cha kuingia humo ni F2, kwa HP ni F10, na kwa ThinkPad za Lenovo ni F1. Kibonyeze mara kadhaa punde tu unapoiwasha.

Namna ya tatu: inaenda mbele kisha inarudi nyuma

Hii huwapata wanaotoka Windows 10 kwenda Windows 11 bila kufuta chochote. Asilimia zinapanda, kisha mfumo unasema unaondoa mabadiliko, na unarudi ulikokuwa. Siku ya pili mambo ni yale yale. Afadhali hapa kompyuta bado inafanya kazi na faili ziko salama. Fanya yafuatayo, moja baada ya jingine, ukijaribu tena kila baada ya hatua:

• Chomoa printa, modemu, flashi na vifaa vingine vyote visivyohitajika.
• Ondoa programu ya kuzuia virusi ya kampuni nyingine. Ile ya Windows yenyewe iache.
• Futa au hamisha faili kubwa ili upate nafasi. Video za WhatsApp pekee zinaweza kuchukua sehemu kubwa ya diski.
• Sasisha draiva kutoka kwa tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako.
• Angalia tarehe na saa. Kompyuta kuukuu ambayo kila ikiwaka inarudi miaka ya nyuma huenda betri yake ndogo ya ndani, ile ya mviringo kama sarafu, imekwisha. Tarehe isiyo sahihi inaweza kuizuia kompyuta kuwasiliana na mitambo ya masasisho.

Kama haya yote hayasaidii, ipo njia ya kumwona mchawi. Windows hujiandikia ripoti ya kila ilichofanya. Ripoti ya makosa huitwa setuperr.log, na kwa kazi iliyokatika katikati huwa kwenye folda iitwayo Panther, ndani ya folda iliyofichwa ya $WINDOWS.~BT kwenye diski ya C. Faili hiyo hufunguka kama maandishi ya kawaida. Hata usipoielewa, mpelekee fundi.

Flashi, RAM na diski

Windows inayogoma inaweza kutokana na flashi iliyotengenezwa vibaya. Pakua Windows kutoka kwa tovuti ya Microsoft yenyewe, kwa programu yake ya bure ya kutengeneza flashi. Tumia flashi ya GB 8 au zaidi, na ukumbuke kwamba kila kilichomo kitafutwa. Faili yenyewe inazidi GB 5, kwa hivyo tafuta mahali penye intaneti thabiti kuliko kumaliza bando za simu. Nakala zinazozunguka kutoka mkono hadi mkono hazina mwenyewe wa kuulizwa, na nyingine zimetiwa programu za wizi.

Kuhusu leseni, kompyuta ambayo tayari ilikuwa na Windows 10 halali haihitaji ufunguo mpya ili kupata Windows 11. Ukiulizwa ufunguo wakati wa kuweka, chagua kwamba huna, uendelee. Mashine itajitambulisha yenyewe ikiunganishwa na intaneti. Usiuziwe ufunguo usiouhitaji.

Ikiwa flashi ni nzuri na kosa bado linarudi, jaribu tundu jingine la USB. Kisha pima RAM. Windows inayowaka ina kipimo chake: andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia. Ikiwa kompyuta ina vipande viwili vya RAM, fundi anaweza kuondoa kimoja na kujaribu, kisha akabadilisha na kingine. Diski inayotoa mlio wa kugongagonga au inayochukua dakika nyingi kufungua faili moja, iokoe faili zake kwanza. Majaribio yafuate baadaye.

Na stima je? Hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa. Kompyuta ya mezani iwekwe kwenye UPS. Msimu wa mvua na radi, anza kazi asubuhi kukiwa kumetulia. Asilimia zikikwama mahali pamoja kwa muda, usizime. Ikiwa taa ya diski bado inamweka, kazi inaendelea.

Kompyuta isiyofikia kiwango

Wakati mwingine kosa linajirudia kwa sababu kompyuta haiwezi kamwe kuubeba mfumo unaotakiwa. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inadai RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, namba ambayo mwenyeji wa Eldoret hawezi kuisahau. Inadai pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, mfumo wa kuwashia wa UEFI wenye Secure Boot, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha nane.

Usikate tamaa kabla ya kuangalia. TPM inaweza kuwemo lakini imezimwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uone. Ikiwa imezimwa, huwashwa kwenye mipangilio ya kuwasha kompyuta. Huko huitwa PTT kwa mashine za Intel na fTPM kwa mashine za AMD.

Ikiwa kweli kompyuta haifikii kiwango, njia mbili zimebaki. Microsoft ilitangaza mpango wa kuwapa watumiaji wa nyumbani masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026. Mtu hujiandikisha kupitia sehemu ya masasisho kwenye kompyuta yake. Njia ya pili ni kuhamia Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, ambazo ni za bure. Kwa kazi za barua, hesabu, eCitizen na iTax, anachohitaji mtumiaji hasa ni kivinjari na programu ya ofisi, na vyote vimo. Mwenye kutumia programu maalumu ya Windows aulize kwanza kama kuna mbadala.

Unapomwendea fundi

Si lazima kila mtu ajifanyie kazi hii. Lakini kabla ya kuacha kompyuta dukani, mweleze fundi kosa lilianza vipi, mwonyeshe picha ya ujumbe, na mwambie ni faili zipi usizotaka kupoteza. Muulize atazihifadhi wapi na atazifuta lini kutoka kwa diski yake. Fundi mzuri ndiye atakayekutangulia kwa swali: "Mama, kabla sijagusa kitu, faili zako ziko wapi?" Anayesema mara moja kwamba atafuta yote, mwombe asubiri.

Anayeweka taarifa za watu wengine, awe katibu wa kikundi, mwenye saiba au karani wa shule, ana wajibu zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inawataka wanaoshughulikia taarifa za watu wazilinde zisipotee wala zisifike kwa wasiohusika. Namba za vitambulisho na za simu za wanachama si vitu vya kuachwa kwenye diski ya dukani.

Turudi Ziwa. Kijana angeusoma ujumbe mapema, angetambua kwamba kubonyeza OK hakutamfikisha popote. Kwa bahati hakufomati diski. Kwa flashi ya Ubuntu, hesabu za kikundi zinapatikana ndani ya Windows.old na kunakiliwa. Baada ya hapo hatua tano za namna ya kwanza zinachukua muda mfupi, na mkutano wa Jumamosi unafanyika na hesabu zikiwa mezani.

Lakini si kila nyumba itakuwa na bahati hiyo. Leo, kompyuta ikiwa bado inawaka vizuri, nunua flashi moja, nakili faili ambazo huwezi kuzipata tena, na uiweke mbali na kompyuta yenyewe. Kisha rudia kazi hiyo kila mwisho wa mwezi.